Kutoka Lubumbashi hadi Ngezi: bundi ndiye anayepanga safari

Kisiwa cha Pemba, Zanzibar, kina aina nne za ndege wasiopatikana mahali pengine popote duniani: bundi mdogo wa Pemba, ninga (njiwa wa kijani) wa Pemba, chozi na kinengenenge wa huko. Hawa wawili wa mwisho utawakuta hata kwenye maua ya bustani za Wete, mji wa kaskazini mwa kisiwa, kwa hiyo usiwapangie saa. Safari ipangwe kwa kumfuata bundi.

Kisiwa hiki kimetengwa na bara kwa mkondo wenye kina cha mamia ya mita. Enzi za barafu, bahari ilipopungua, Unguja iliungana na bara lakini Pemba ikabaki peke yake, na ndege wake wakashika njia yao wenyewe. Msitu mnene uliosalia ni Ngezi, takriban hekta 1,400, kaskazini kabisa. Meli zinatia nanga Mkoani, kusini kabisa. Anayelala Mkoani au Chake Chake na kwenda Ngezi mchana hurudi bila bundi.

Kwa barabara, kupitia Kasumbalesa, Kapiri Mposhi na Tunduma, kutoka Lubumbashi hadi Dar es Salaam ni karibu kilomita 2,000. Foleni za malori mipakani hazitabiriki, na meli ya Pemba haiendi kila siku. Acha siku mbili za akiba Dar, na usilipie tiketi ya meli kabla hujavuka mpaka wa Tunduma. Beba kadi ya chanjo ya homa ya manjano. Franka zetu hazibadilishiki huko. Chukua dola mpya ambazo hazijachanika, uzibadilishe Dar, maana Pemba benki ni chache.

Mwezi mzuri ni Januari au Februari, masika ya Machi hadi Mei hayajaanza. Juni hadi Agosti hakuna mvua nyingi, lakini kusi huchafua bahari na upepo msituni humeza sauti. Bundi huyu hutafutwa kwa sikio kwanza. Mwaka 2027 Ramadhani inaangukia Februari na mwanzo wa Machi: nunua chakula cha mchana mapema, ule faragha.

Lala Wete usiku tatu. Siku ya kwanza fika ofisi ya msitu mchana, lipa kiingilio, na upatane na mhifadhi kuhusu matembezi ya usiku. Ukitokea jioni bila taarifa hutapata wa kukuongoza. Dereva naye akubali kungoja, kwa sababu usiku daladala za Konde, mji ulio karibu na msitu, zimekwisha. Muwe njiani ndani ya msitu kabla jua halijazama. Simameni kimya. Sauti yake ni "hu" fupi, moja moja. Ikisikika, sogeeni hatua chache, kisha tochi hafifu iwake sekunde chache tu, bila fleshi ya kamera. Msimpigie rekodi ya sauti yake tena na tena: humjibu adui asiyekuwepo, anaacha kuwinda, na mwishowe ananyamaza kwa wageni wote wanaofuata. Usiku wa pili na wa tatu ni akiba, endapo mvua itaharibu wa kwanza.

Ninga mtafute alfajiri kwenye miti yenye matunda. Jizoeze na ninga wetu wa Katanga kwenye mikuyu kabla ya kuondoka. Wa Pemba ana kijivu zaidi kichwani, shingoni na tumboni.

Darubini iwe 8x42, yaani inakuza mara 8 na lenzi ya mbele ina upana wa milimita 42. Ya 10x42 inakuza zaidi, lakini duara la mwanga linalofika jichoni ni milimita 4.2 badala ya 5.25, na chini ya majani mazito tofauti hiyo unaiona. Mikono ikitetemeka, 10 hutetemesha picha zaidi. Kama chumba kina kiyoyozi, itoe darubini nje ndani ya mfuko wake nusu saa kabla ya kuondoka. Lenzi baridi ikikutana na joto la Pemba hufunga ukungu, na kuipangusa kwa shati kunaikwaruza.