Kababu za Kiswidi: mara ya tatu ndipo mchuzi ukakubali

Tulikuwa na miezi minane tu Göteborg pale binti yangu aliporudi shuleni na kuniuliza, "Mama, mbona wewe hupiki köttbullar?" Shule za Uswidi huwapa watoto chakula cha mchana bure, kwa hiyo ladha za nchi amezijua yeye kabla yangu. Mimi hata kulitamka neno nilikuwa siwezi. Ile köt hutoka kama "shet". Akanieleza: viduara vya nyama, mchuzi mweupe-kahawia, viazi vya kuponda. Nikasema moyoni, kumbe kababu! Mimi mtu wa Tanga, kababu nimeziviringisha tangu sijajua kusoma.

Jioni ile nikatia tangawizi, thomu, pilipili na dhania, nikazitosa kwenye mafuta mengi. Mchuzi ndio ulioniumbua. Dukani nilichukua kopo lililoandikwa gräddfil nikidhani ni grädde, yaani krimu. Kumbe gräddfil ni krimu iliyochachushwa, mafuta yake asilimia 12, watu huchovyea viazi ikiwa baridi. Ilipopata moto tu ikakatika kama tui lililosahauliwa jikoni: maji huku, chenga nyeupe huku. Binti akaonja kababu moja, akatafuna kwa adabu. "Tamu, mama. Lakini hizi ni kababu."

Mara ya pili nilifuata maelezo ya nyuma ya pakiti ya unga wa mkate, yaani mkate mkavu uliosagwa. Mchuzi haukukatika, ila nyama ilitoka ngumu, ukiidondosha sakafuni inaruka. Na nilizirundika zote kwenye kikaangio kwa pupa ya kumaliza, zikatoa maji, zikachemka badala ya kukaangika. Rangi yake ilikuwa kijivu kabisa.

Aliyeniokoa ni bibi wa ghorofa ya chini. Nilimsimulia kwa Kiswidi changu cha kuungaunga, akacheka, akaniita jikoni kwake Jumamosi. Nilipofika nyama bado imo kwenye friji. Kwanza, akasema, mkate unywe maziwa. Desilita moja ya maziwa, yaani mililita mia, vijiko vitano vya unga wa mkate, dakika kumi viachwe mpaka viwe uji mzito. Huo uji ndio unaoilainisha nyama, kwa sababu unashika maji yasikimbie kikaangoni. Nikakumbuka kwamba hata mama hulowesha mkate kwenye kababu; mimi niliuacha nikiona ni ujanja wa kuongeza nyama ikiwa kidogo.

Kulikuwa na suala la nguruwe. Waswidi wengi hutumia nyama iliyochanganywa, ng'ombe na nguruwe, na sisi hatuli. Bibi hakuona shida. Mafuta ya nguruwe kazi yake ni kulainisha, akasema, basi ukitumia ng'ombe peke yake ongeza maziwa kidogo na kijiko cha krimu. Tulitumia nusu kilo ya ng'ombe, yai moja, kitunguu kilichokatwa vidogo sana na kulainishwa kwa siagi bila kuungua, chumvi, pilipili nyeupe, na nusu kijiko cha chai cha kryddpeppar. Hizi ni punje za kahawia za mti mmoja wa kule Jamaika, ingawa ukizinusa utaapa ni karafuu, mdalasini na kungumanga vimetwangwa pamoja. Ukizikosa, karafuu ya unga kidogo sana na kungumanga vinatosha. Tangawizi na thomu nilivyokuja navyo mfukoni alivisukuma pembeni ya meza kwa kidole.

Nyama aliikanda mpaka ikaanza kunata mkononi. Kisha akakaanga moja peke yake, tukagawana nusu kwa nusu, tukaongeza chumvi. Baada ya hapo tukalowesha viganja kwa maji baridi na kuviringisha, ndogo kuliko ndimu.

Sasa nililokuwa silijui kabisa: hakuzigeuza kwa kijiko. Siagi ilipoacha kutoa povu alizipanga kwa nafasi, akashika mkono wa kikaangio na kukitikisa kwa mzunguko mdogo mdogo, zikawa zinabingirika zenyewe kama gololi. Ndiyo maana zinatoka duara, zimeiva kahawia pande zote. Zikajaa sahani, akakaanga fungu la pili.

Kikaangio hakikuoshwa. Ile gundi nyeusi-nyeusi ya chini ndiyo mchuzi. Akatia siagi, vijiko viwili vya unga wa ngano, akakoroga mpaka unga ukanukia, kisha supu ya ng'ombe desilita tatu kidogo kidogo, huku mwiko ukikwangua chini. Mabonge yakaisha. Ndipo ikaingia krimu nzito, desilita moja na nusu, na kijiko cha chai cha sosi ya soya. Soya! Nilidhani ananitania, lakini ndiyo inayoupa mchuzi rangi na chumvi ya mwisho. Moto mdogo, dakika tano, kababu zikarudi ndani.

Tukisubiri viazi akanieleza kwamba asili ya chakula hiki ni Uturuki. Nikaja kusoma kwamba mwaka 2018 akaunti rasmi ya Uswidi kwenye Twitter iliandika hivyo hivyo: mapishi aliyaleta mfalme Karl XII, ambaye baada ya kupigwa vitani Poltava mwaka 1709 alikaa miaka kadhaa kwenye himaya ya Waosmani, yaani Waturuki wa enzi zile. Wapo wanaoyapinga hayo. Mimi, niliyeziita kababu tangu siku ya kwanza, nilijiona nimepewa haki yangu.

Jumapili nikarudia mwenyewe nyumbani. Mume wangu aliona kibakuli cha jamu ya lingon, vitunda vyekundu vichachu vya msituni, akauliza nani anakula jamu na nyama. Nikamwambia, wewe kwenu Pangani kababu unakula na nini? Chatini ya ukwaju. Basi kazi ni ile ile, chachu na tamu inakata mafuta. Akachukua kijiko kimoja, halafu cha pili. Pilipili yake ya kusaga alijiwekea pembeni, sikumkataza.

Binti hakusema kitu. Alisukuma sahani mbele, iongezwe.

Zikibaki, kesho yake ninazikata katikati na kuzipanga juu ya mkate wenye saladi ya kiazisukari chekundu, kama Waswidi wanavyofanya. Ila hazibaki, mpaka nizifiche. Sita ziko kwenye friza sasa hivi, zimefungwa kwenye karatasi ya foili, nyuma ya mfuko wa njegere.