Mradi wa kufuata waigizaji: nimetoka kwa Chiwetel nimefika Katwe

Naendelea na mradi wangu wa muvi. Kwa ambae ndo anaingia leo, sheria ni moja tu, sichagui muvi kwa stori wala kwa trela, nachagua kwa waliomo. Naangalia moja, namchukua mtu mmoja humo ndani namfuata kwenye nyingine, nikifika huko namchukua mwingine, hivo hivo mpaka nichoke na sichoki.

Awamu hii nilianzia 12 Years a Slave ya 2013 maana humo wamejaa kwelikweli: Chiwetel Ejiofor, Fassbender, Lupita, Cumberbatch, Alfre Woodard anaetokea mara moja tu anakunywa chai kibarazani na bado humsahau, hadi Brad Pitt yupo, kule mwishoni mwishoni. Lupita alichukua Oscar yake hapo, 2014, na alistahili, ila mi niliondoka na Chiwetel. Pale anaponing'inizwa kwenye mti, vidole vya miguu vinatafuta ardhi kwenye matope, kamera imetulia haiendi popote na nyuma yake watu wanaendelea na shughuli zao, hasemi neno hata moja na unashindwa kukaa vizuri kwenye kiti. Yule mtu anaigiza kwa macho.

Nikamfuata American Gangster, ya 2007. Humo yeye ni mdogo wake Denzel, na mbali ya Denzel kuna Russell Crowe, Josh Brolin, Cuba Gooding Jr., RZA, Common, T.I., na Idris Elba ambae hakai sana, Denzel anamtandika risasi mchana kweupe barabarani afu anarudi zake mezani kukaa na wadogo zake. Lakini atakaekaa na wewe baada ya muvi kuisha ni Ruby Dee, mama yao. Bibi alikua ameshavuka miaka 80, ana dakika chache sana humo, na kile kibao anachompiga Denzel ndo kilinifanya nirudishe nyuma niangalie tena. Mtu mzima, tajiri, muuaji, anapigwa kofi na mama yake na ghafla anakua mtoto. Walimteua Oscar kwa dakika hizo hizo.

Kinachoniuma kwenye hii muvi ni kwamba Denzel, muuza unga, na Crowe, polisi anaemsaka, wanakaa mbali mbali karibu muda wote, wanakutana mwishoni nje ya kanisa, na wakishakaa kwenye kile chumba cha mahojiano unaona kabisa hapa ndo palikua na utamu wenyewe. Heat ya 1995 iliwapa Pacino na De Niro meza na kahawa katikati ya muvi, polisi na jambazi wanaongea tu, na mpaka leo watu wanaikumbuka ile meza. Ukishalipia watu wawili wa namna hiyo wakalishe uso kwa uso jamani.

Inside Man ya Spike Lee nilipita nayo haraka, Chiwetel na Denzel tena, safari hii ni wapelelezi wanafanya kazi pamoja. Nzuri, Jodie Foster anaingia humo anatabasamu tu na kila mwenye cheo anamuogopa. Haya.

Sasa The Boy Who Harnessed the Wind, 2019, ndo iliyobadilisha mradi wenyewe. Chiwetel kaiongoza mwenyewe na kaigiza baba wa William Kamkwamba, yule kijana wa Malawi aliyetengeneza kinu cha upepo wakati wa njaa, na sehemu kubwa anaongea Kichewa. Anaemcheza William ni Maxwell Simba, kijana wa Kenya. Mtoto anaiomba baiskeli ya baba yake aikate atengenezee kinu, na kwa baba hiyo ndo mali pekee aliyobaki nayo, na ule ugomvi wao shambani, yaani huyu staa mkubwa inabidi ajitume kweli kwa sababu dogo mbele yake haigizi kistaa, anamwangalia tu kama baba yake kweli.

Nikaanza kuliona kila mahali hilo, mtu asiyejulikana anamlazimisha staa kuigiza kweli. Nikarudi kwa Idris, Beasts of No Nation ya 2015, ilipigwa Ghana, yeye ni kamanda wa watoto wapiganaji na jina lake ndo kubwa kwenye bango, lakini muvi ni ya Abraham Attah, mtoto ambae hakuwahi kuigiza kabla, na kule Venice walimpa tuzo ya mwigizaji chipukizi. Nikaenda Queen of Katwe ya Mira Nair, 2016, Lupita ni mama, David Oyelowo ni kocha wa chesi, na Madina Nalwanga, binti wa Kampala, ndo Phiona, yule binti anaefundishwa chesi. Lupita humo hajapambwa hata kidogo, ni mama wa watoto anaepambana na kodi ya nyumba, na kwa maoni yangu ndo kazi yake bora. Usizime mapema, mwishoni kila mwigizaji anasimama na mtu halisi aliyemcheza, mi pale machozi yalitoka.

Afu nikaangalia The 355 ya 2022: Jessica Chastain, Penélope Cruz, Lupita, Diane Kruger, Fan Bingbing, wanawake watano, mastaa wote. Kila mmoja anapewa ngumi zake na mstari wake anapita, hakuna anaemlazimisha mwenzie kuigiza. Lupita ni mtaalamu wa kompyuta, basi, kompyuta. Iliniuma kwa sababu nilikua naisubiri kwa hamu.

Kinachofuata namchukua Oyelowo. Kuna Selma ya 2014 yeye ndo Martin Luther King, na kuna A United Kingdom yeye ni Seretse Khama wa Botswana na Rosamund Pike ni mkewe, wawili hao ndo wanaoibeba muvi. Naanza na hiyo ya Botswana Ijumaa usiku.