Bibi, Mjomba na Kanda ya Pink Floyd

Nyumbani kwetu Kikwajuni, Unguja, wimbo ulikuwa ni maneno. Taarab ikipigwa redioni, hakuna aliyeuliza fidla inapigwa na nani wala kanuni, ile ala ya nyuzi nyingi inayolazwa mapajani, imekaa vipi. Suala lilikuwa moja tu: huyu kaimbiwa nani? Bibi yangu mzaa mama angeweza kukuchambulia beti kwa beti, fumbo hili limemwendea mke mwenza yupi na kijembe kile kimemfika jirani yupi, hata kama wimbo wenyewe ulitungwa kabla huyo jirani hajazaliwa. Beti ikimgusa barabara alipiga kofi moja na kusema, "Haya, na ajibu!" Ala zilikuwa za kushikilia nafasi wakati mwimbaji anavuta pumzi.

Simlaumu. Mji mzima ulilelewa hivyo. Mwimbaji wetu wa taarab Siti binti Saad alipokwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri zake, alibeba habari za Ng'ambo, ile mitaa yetu ya nje ya Mji Mkongwe, za waliodhulumiwa na waliohukumiwa, na aliyenunua santuri alinunua na habari zake. Na mimi nilikuwa msikilizaji wa namna hiyo hiyo, mpaka umeme ulipokatika.

Nasema ule wa Disemba 2009. Aliyekuwapo Unguja hahitaji kuelezwa. Umeme wetu unatoka Bara kwa waya uliolazwa chini ya bahari. Ikatokea hitilafu, kisiwa kikakaa kiza mpaka Machi 2010. Pampu za maji zikasimama, foleni za ndoo zikarudi visimani. Wenye uwezo walinunua jenereta, na usiku mtaa ukawa unanguruma mpaka mafuta yawaishie. Sisi hatukuwa na jenereta. Tulikuwa na kandili, tukaiweka juu ya televisheni kwa sababu hapo ndipo macho yetu yalipozoea kutazama.

Mjomba ndiye aliyeitoa redio kaseti uvunguni. Alikuwa baharia, na alipoacha meli alirudi na begi la nguo na sanduku la kanda ambalo mtu haruhusiwi kuligusa. Si kwamba tulilitamani. Umeme ulipokuwapo sisi vijana tulikuwa kwenye filamu za Kihindi na Bongo Fleva za kwenye simu. Sasa hata simu inapelekwa dukani kuchajiwa kwa pesa, na betri nne kubwa ndizo zilizotubakia kwa burudani.

Kanda aliyoitia usiku ule ilikuwa na kasha lililopasuka. Karatasi yake nyeusi ilichorwa mstari wa mwanga unaoingia kwenye pembetatu na kutokea upande wa pili rangi tupu. Hiyo ni *The Dark Side of the Moon* ya Pink Floyd, Waingereza wanne walioanza kuirekodi London mwaka 1972 na kuitoa Machi 1973. Mjomba aliinunua melini kwa baharia Mfilipino aliyesema kachoka kuisikiliza, na jambo hilo la kuichoka Mjomba hakuwahi kulielewa.

"Kaa hapa," akaniambia. "Kichwa kiwe katikati ya spika. Na usiseme kitu mpaka upande umalizike."

"Upande una nyimbo ngapi?"

"Usihesabu. Zimeshonwa pamoja."

Mwanzo sikusikia kitu. Kisha moyo ukaanza kudunda, wa mbali, ukisogea. Mara saa zinagonga, mtu anacheka, mwengine anapiga ukelele, na vyote vikaangukia kwenye gitaa lililotulia, hata nikajiuliza yale mahangaiko ya mwanzo yalikuwa ya nini. Kikaja kipande ambacho mtu anakimbia. Nasikia viatu vyake, na mlio mmoja unatoka spika ya kushoto, unapita usoni kwangu, unazama spika ya kulia, nami nageuza shingo kuufuata. Redio ile niliikuta nyumbani tangu mdogo. Siku hiyo ndipo nilipojua ina kushoto na kulia. Nilidhani spika ya pili ni ya kuongeza kelele.

Halafu saa zote za dunia zikalia kwa mpigo mmoja. Bibi alikuwa ukumbini akipeta mchele kwa mwanga wa kandili. "Yarabi! Nini tena?" Mjomba alicheka mpaka akakohoa, naamini alikuwa akipangojea hapo. Baadaye nilisoma kwamba fundi wa sauti, Alan Parsons, alizirekodi saa hizo moja moja kwenye duka la saa za kale, ndipo akazipanga zilie pamoja. Kazi yote ile kwa kelele ya sekunde chache.

Maneno sikuyashika. Kiingereza changu kilikuwa cha skuli, cha kujibia mtihani, na hawa jamaa wanaimba huku wanatafuna. Ilinikera, maana sikujua nifuate nini. Ndipo ukaja wimbo wa mwisho wa upande ule, nao maneno ya kuimbwa hauna kabisa. Kuna watu wawili watatu wanaozungumza chini chini, basi. Piano inaanza taratibu. Kisha anaingia mwanamke, sauti juu kabisa, na hasemi kitu. Anapanda, anashuka, ananong'ona, anapanda tena. Nilingojea neno. Nikangojea beti. Zikapita dakika nne na ushei, kitufe cha redio kikaruka, ta! Upande umekwisha.

Bibi alikuwa kasimama mlangoni na ungo wake. Lazima niseme hapa kwamba Bibi alikuwa mkunga. Watoto wengi wa mtaa ule walipokewa na mikono yake kabla watu hawajazoea kwenda kujifungulia hospitali.

"Huyo mwanamke yuko na nani?" akauliza.

"Yuko na nani vipi, mama?" Mjomba akamjibu.

"Yumo uchunguni huyo. Nauliza nani yuko naye."

"La, mama. Hiyo nyimbo ya mauti. Hawa wanaimba habari za kufa."

"Kasema?"

"Hajasema, lakini..."

"Basi usinifunze kazi yangu. Irejeshe."

Kurejesha kanda kwa redio kunakula betri. Ikatolewa, nikaizungusha kwa kalamu ya Bic mpaka nilipokisia panatosha. Bibi akakaa mkekani, kichwa kakilaza upande, mkono mmoja hewani, akaanza kutuongoza. "Hapo unamshika... Hapo umemwachia, anapumua. Mwenyewe kachoka, msikie. Ngoja, unakuja mwengine, mkubwa huo." Na kweli ukaja. Nilikuwa nafuata mkono wake, na kwa kuufuata nikaanza kusikia vitu vilivyo nyuma ya sauti. Mwanamke akipanda, ngoma na kinanda vinapanda naye, vinamsukuma. Akishuka, vyote vinajitoa, inabaki piano peke yake, na hata hiyo piano inamwekea nafasi ya kuhema. Sikuwa nimewahi kusikia ala inamngoja mtu.

Na huyu alikuwa Bibi, ambaye maisha yake yote akiuliza kaimbiwa nani. Hapa hakuna wa kuimbiwa, na hakuuliza. Alisikiliza pumzi.

Ubishi wa mauti na uzazi ulidumu kuliko betri zile. Mimi nilikaa upande wa Bibi, ingawa kwa mujibu wa wenyewe Mjomba ndiye mwenye haki: Richard Wright, mpiga kinanda wao, alianza kukipiga kipande kile kikiwa ni mawazo juu ya kifo. Ila huyo mwimbaji, Clare Torry, hakupewa mengi. Aliitwa studio Jumapili moja ya Januari 1973, akiwa na umri wa miaka 25, akaambiwa maneno hakuna. Alipojaribu kutia vineno vya mapenzi walimkataza, ndipo akaamua awe ala. Wakamlipa paundi 30. Akaondoka akidhani hawataitumia, na akaja kuliona jina lake kwenye jalada la santuri dukani. Mwaka 2004 aliwashtaki, mwaka uliofuata wakapatana, na siku hizi anatajwa mtunzi pamoja na Wright. Nilipomsimulia Bibi habari hizo, kilichomkaa ni zile paundi 30. "Mkunga naye hulipwa hivyo hivyo," akasema, akaendelea na kahawa yake.

Upande wa pili wa kanda unaanza kwa pesa: sarafu zinaanguka, karatasi inachanwa, mashine ya kuhesabia fedha inagonga. Roger Waters, mpiga besi, alizirekodi sarafu kwa kuzitupa ndani ya bakuli ambalo mkewe wa wakati huo alichanganyia udongo wa ufinyanzi. Kisha vipande vya kanda vikapimwa kwa rula, vikakatwa urefu sawa, vikaungwa kuwa duara la milio saba. Hayo nimeyasoma ukubwani. Usiku ule nilijua kitu kimoja, kwamba nikipiga makofi naanguka nje ya mapigo.

"Hesabu," Mjomba akaniambia.

Nilihesabu nne, ikanikataa. Nikahesabu sita. Alinitazama nikihangaika bila ya huruma, mpaka nikafika saba, na ikakaa. Nilifurahi kwa kiasi ambacho sitaki kukieleza sana. Kisha gitaa likaingia, mapigo yakageuka manne manne, nikaanguka upya.

Tuliisikiliza kanda hiyo karibu kila usiku. Mchana betri zilianikwa juani barazani, jambo linaloziongezea uhai kidogo; asiyejua hilo hakukulia kwetu. Zikianza kufa kanda inavuta, na yule mwanamke anageuka dume. "Huyo si yeye, zimeni," Bibi angesema, na tunazima.

Kwenye miezi hiyo ya kiza nilikuwa natembea sana jioni, nyumbani palikuwa na joto. Siku moja nikapita Vuga, kwenye klabu ya taarab ambayo nimepita mbele yake utoto wangu wote. Walikuwa kwenye mazoezi, kandili mbili ndani. Sikuwa nimefikiri kwamba fidla, kanuni, udi, kodian, dumbak na besi haviulizi umeme umerudi au la. Kila kitu mjini kimenyamaza, wao wanapiga.

Walikuwa wakipiga bashraf. Bashraf ni kile kipande kisicho na mwimbaji kinachofungulia taarab, asili yake Uturuki, kikatufikia kwa njia ya Misri. Kwangu mimi na kwa kila mtu niliyemjua, bashraf ulikuwa wakati wa kutafuta kiti, kusalimiana na kutazama nani kavaa nini. Nikasogea dirishani, nikaweka kichwa kama Mjomba alivyonifunza. Fidla zilikwenda kundi moja, kanuni ikawajibu kutoka pembeni. Besi, ambayo siku zote niliihesabu kuwa samani ya jukwaani, ndiyo iliyokuwa ikiwaambia wote wakanyage wapi. Ilipofika zamu ya udi, wenzake walijitoa mmoja mmoja, kwa adabu, wakauachia pumzi.

Nikapiga makofi mapajani. Si nne. Si saba. Walipopumzika akatoka mzee mpiga besi kupunga upepo.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Nakuona unahesabu."

"Nahesabu saba, lakini haikai."

"Haitokaa. Hiyo samai, mapigo kumi. Tatu, mbili, mbili, tatu." Akanigongea kwa kifundo cha kidole kwenye fremu ya dirisha. "Nani kakwambia saba?"

Nilitamani kumwambia ni Waingereza. Nikasema Mjomba.

Msidhani niliacha maneno. Wapo waliofika kwenye muziki wa Ulaya wakarudi wanatuambia kwamba mashairi ya taarab ni umbea, nami hao siwasikilizi. Fumbo lililotungwa vizuri lina kazi ngumu kuliko gitaa nyingi. Kilichonipotea ni uvumilivu kwa kinanda cha umeme kinachojifanya fidla kumi. Kinapiga noti zote, na hakimngoji mtu.

Idd el Fitri ya mwaka ule, umeme umesharudi, nilimsindikiza Bibi kwenye taarab ya Sikukuu. Ukumbi ulijaa, harufu ya udi na jasmini, wanawake wanapungiana mikono kutoka safu hadi safu. Bashraf ikaanza na hakuna aliyeshughulika. Mimi nimeinamisha kichwa, vidole gotini, tatu, mbili, mbili, tatu. Shoga yake Bibi akaniinamia.

"Mwanangu, unasikiliza nini? Hawajaanza bado."

"Muwache huyo," Bibi akamwambia, "kaharibiwa na mjomba'ke."

Mwimbaji alipopanda jukwaani nikamgeukia Bibi nimweleze habari ya mpiga besi, kwamba ndiye yule wa Vuga. Akanipiga kofi la paja.

"Kimya wewe. Maneno hayo yanakuja."