Nilivyonunua gari kwa pesa yangu bila ripoti yangu ya mikopo kufunguliwa

Arifa ya kwanza iliingia kwenye simu saa mbili usiku, nikiwa jikoni. Mtu alikuwa amefungua ripoti yangu ya mikopo, yaani faili la historia ya madeni yangu. Kabla sijamaliza kusoma ikaingia ya pili, kisha ya tatu. Majina mawili yalikuwa ya benki ambazo sijawahi hata kuzipigia simu. La tatu lilikuwa la yadi ya magari niliyotoka mchana ule, hapa Columbus, Ohio, Marekani.

Nilikuwa nimekwenda kujaribu gari tu. Nilimwambia muuzaji mara mbili, mara moja tukiwa nje na mara nyingine tukiwa mezani, kwamba mkopo sitaki, pesa ninayo benki. Akaitikia, akaandika bei kwenye karatasi, tukaagana vizuri. Alichochukua kwangu ni nakala ya leseni ya udereva na saini moja, kwamba nikigonga gari lao nitawajibika. Namba yangu ya hifadhi ya jamii, ile tunayoiita soshali, sikumpa. Nilikuwa ninaamini kabisa kwamba bila soshali hakuna anayeweza kufungua chochote.

Wifi yangu, ambaye amefanya kazi benki kwa miaka mingi, alinitoa kwenye imani hiyo usiku uleule. Mara nyingi jina kamili, anwani na tarehe ya kuzaliwa vinatosha kumpata mtu kwenye mafaili ya Equifax, Experian na TransUnion, taasisi tatu zinazotunza ripoti hizo. Na vyote vitatu viko kwenye leseni.

Kwake yeye kuna kuchungulia na kuna kufungua. Anayechungulia haachi alama ambayo mkopeshaji mwingine ataiona. Ndivyo unavyofanya ukijiangalia mwenyewe, ndivyo zinavyofanya kampuni zinazokutumia barua za kadi usizoziomba. Anayefungua anaacha jina lake humo kwa miaka miwili, na kila mkopeshaji atakayekuja baadaye ataliona. Kwa alama za mkopo, ile namba ambayo wakopeshaji wanakupimia, hasara si kubwa sana. FICO, kampuni inayokokotoa alama hizo, wenyewe wanasema kwa watu wengi ufunguzi mmoja hupunguza chini ya alama tano, na mafunguzi ya mkopo wa gari yaliyofuatana ndani ya siku chache huhesabiwa kama moja. Kilichoniuma ni kwamba mimi na mume wangu tulikuwa tumebakiza kama miezi miwili tuombe mkopo wa nyumba. Tuliacha kwa makusudi kuchukua mkopo wa gari ili faili letu libaki safi. Sasa faili lilikuwa linasema nimebisha hodi kwenye benki mbili nikiomba pesa, jambo ambalo si kweli.

Asubuhi nilirudi pale yadi nikiwa na ombi moja tu: nionyesheni karatasi niliyosaini kuwaruhusu. Meneja alitafuta muda mrefu, akarudi na ile ya kujaribu gari. Haikuwa na neno lolote kuhusu mikopo. Hapo ndipo aliposema sentensi ambayo nimeisikia tena kutoka kwa wenzetu wengi tangu siku hiyo: "Ni sheria, tunamfanyia kila mteja."

Ninataka kukaa hapa kidogo, kwa sababu sisi tuliohamia nchi hii tukiambiwa na mtu mwenye tai kwamba jambo ni sheria, tunanyamaza. Sheria ya mwaka 1970 inayosimamia ripoti za mikopo inasema kinyume chake. Anayefungua ripoti ya mtu lazima awe na sababu inayotambuliwa na sheria hiyo, au maelekezo ya maandishi ya mwenye ripoti. Mwaka 1998 maofisa wa Tume ya Biashara ya Shirikisho, FTC, waliandika barua ya ufafanuzi inayohusu wauza magari hasa: mtu kuomba kujaribu gari au kuuliza bei si kuanzisha ununuzi, na muuzaji anayetaka ripoti katika hatua hiyo apate kwanza ruhusa ya maandishi. Barua hiyo nilikuwa nimeichapisha. Nikaiweka mezani, sikupandisha sauti.

Meneja aliisoma hadi mwisho. Niliomba aandikie taasisi zote tatu pamoja na zile benki mbili, aseme kwamba ufunguzi ulifanyika bila idhini yangu. Alikubali, nami nikasubiri hadi nakala zikawa mkononi. Siku hiyohiyo nikatuma malalamiko yangu mwenyewe kwa barua ya rejista, nikiambatanisha nakala hizo. Taasisi zina siku 30 za kuchunguza. Mbili zilifuta majina hayo mapema. Ya tatu ilikawia.

Gari bado tulilihitaji. Safari hii nilitaka kuelewa kwanza wanatafuta nini, kwa sababu mtu asiyekopesha ana haja gani na historia ya madeni yangu?

Sehemu ya jibu ni pesa. Yadi nyingi hupata fungu kubwa kwenye ofisi ya mikopo: benki inakubali kukukopesha kwa riba fulani, yadi inakuandikia riba ya juu kidogo, na sehemu ya tofauti hiyo inarudi kwao. Mnunuzi anayekuja na pesa yake anawanyima fungu hilo, kwa hiyo wanafungua faili lake kwa matumaini kwamba akionyeshwa mkopo wa bei nafuu atageuka. Sehemu nyingine ni mchanganyiko wa mambo matatu kwenye rundo moja la karatasi, na nilipoyatenganisha ndipo nilipopata nguvu.

La kwanza ni utambulisho. Serikali ina orodha ya watu ambao hakuna anayeruhusiwa kufanya nao biashara, inasimamiwa na ofisi ya Wizara ya Fedha iitwayo OFAC. Muuzaji akikuuliza wewe ni nani ili ajilinde na orodha hiyo, ana haki. Lakini orodha inatafutwa kwa jina. Leseni inatosha, madeni yangu hayahusiki.

La pili ni kodi. Biashara ikipokea zaidi ya dola 10,000 taslimu, lazima ijaze Fomu 8300 na kuituma serikalini ndani ya siku 15, na fomu hiyo inadai soshali. Hapa ndipo wengi wanapotoa namba, kisha namba ikahamia kwenye fomu ya mkopo. Kilichonishangaza ni maana ya neno taslimu kwenye fomu hiyo. Noti ni taslimu. Hundi ya benki, ile inayoandikwa na benki yenyewe, ikiwa ya dola 10,000 au chini yake, ukinunulia gari, nayo huhesabiwa taslimu. Lakini hundi moja ya benki iliyozidi 10,000 haihesabiwi, wala hundi yako binafsi, wala pesa iliyohamishwa kutoka akaunti kwenda akaunti. Kwa hiyo mtu anayelipa 16,000 kwa hundi mbili za 8,000 anajazwa fomu, na anayelipa kwa hundi moja hajazwi. (Usije ukayakatakata malipo ili kuikwepa fomu, hilo ni kosa la jinai. Na fomu yenyewe si mashtaka, ni taarifa tu. Ikihitajika, ijaze.)

La tatu ni mkopo. Hili peke yake ndilo lenye kuhitaji ripoti yangu, na ndilo nisilolitaka.

Wiki ile ile nilifunga ripoti zangu katika taasisi zote tatu, ili mkopeshaji mpya asiweze kuziona hadi mimi mwenyewe nizifungulie. Tangu Septemba 2018 huduma hii ni bure nchi nzima. Inabidi uende kwa kila taasisi peke yake, maana ukifunga moja nyingine mbili zinabaki wazi. Nilitumia kama nusu saa kwenye tovuti zao, nikaandika nywila kwenye daftari la nyumbani. Ukihitaji kufungulia, ukiomba kwa simu au mtandaoni wanatakiwa wafanye hivyo ndani ya saa moja. Kama ningechagua jambo moja tu la kumwambia ndugu yangu anayekwenda kununua gari kesho, ni hili. Maneno mazuri mezani yanategemea uungwana wa aliyekaa upande wa pili. Ripoti iliyofungwa haimtegemei.

Kisha nikaandikia yadi tano barua pepe fupi ileile: nina nia na gari hili, nitalipa kwa hundi ya benki, naomba bei ya mwisho ikiwa na kodi, ada ya hati na kila kitu, na naomba mthibitishe kwa maandishi kwamba hamtafungua ripoti yangu ya mikopo. Mbili hazikujibu. Moja ilijibu kwamba bei ya tangazo ni ya wanaokopa kwao tu, wa pesa mkononi wanaongezewa. Nikashukuru kwamba nimeyajua hayo nikiwa nimekaa sebuleni. Moja ilisema ni utaratibu wa kampuni, hauna mjadala. Ya tano ilijibu kwa mistari miwili: hakuna shida, jumla ni dola 16,840, njoo na leseni na uthibitisho wa bima.

Nilikwenda Jumanne asubuhi, makusudi. Benki yangu ilikuwa wazi, na nilijua hofu yao ya kweli ingekuwa hundi feki, ambazo zipo nyingi. Nilichukua hundi moja ya kiasi chote, imeandikwa kwa jina la yadi.

Mambo yalikwenda vizuri hadi ofisi ya mwisho. Kijana wa pale, mpole tu, alinisogezea rundo la karatasi akisema nisaini palipowekwa alama ya njano. Nilimwomba radhi, nikamwambia ninasoma taratibu. Karatasi ya tatu ilikuwa ombi la mkopo, jina langu limeshachapwa juu na nafasi ya soshali ikiwa wazi.

"Hii ni ya nini?" nikamuuliza.

"Kila mtu anaijaza. Ni tahadhari, hundi ikileta shida."

"Basi piga simu benki sasa hivi, uwaulize kuhusu hundi. Tafuta namba yao mwenyewe, usichukue kwangu."

Akapiga. Dakika sita, nilikuwa naangalia saa ya ukutani. Benki ikathibitisha. Akaichukua ile karatasi ya ombi, akaiweka kando bila neno.

Akauliza soshali ya Fomu 8300. Nilimwambia kwamba hundi moja ya zaidi ya 10,000 haihesabiwi taslimu, lakini kama mhasibu wao anaona vingine, alete fomu yenyewe nami nitaandika namba kwenye fomu hiyo tu, siyo kwenye karatasi nyingine. Alitoka, akarudi, akasema haihitajiki.

Kulikuwa na jambo moja zaidi, na nusura linipite. Kwenye mkataba wa mauzo wenyewe, nyuma, kwa herufi ndogo, aya moja ilisema mnunuzi anaidhinisha kampuni kupata ripoti yake ya mikopo. Saini chini ya aya ile ingekuwa ndiyo ruhusa ya maandishi ambayo yadi ya kwanza haikuwa nayo. Niliomba kalamu, nikaikata aya kwa mstari, nikaweka herufi za jina langu pembeni, naye akaweka zake. Tukapiga nakala ya ukurasa huo kabla sijasaini popote. Saa sita kasoro nilikuwa njiani kurudi nyumbani na gari.

Wiki mbili baadaye nilipakua ripoti zote tatu kwenye annualcreditreport.com, ambako unaweza kuziangalia bure kila wiki. Hakuna jina jipya hata moja. Jina la yadi ya kwanza lilikuwa bado liko kwenye ile taasisi ya tatu iliyokawia.

Tulipoomba mkopo wa nyumba nilizifungulia ripoti kwa siku tatu, kwa ajili ya mkopeshaji wetu tu. Ofisa akaliona jina lile, akataka maelezo ya maandishi, kama wanavyofanya kwa ufunguzi wowote wa karibuni. Nilimwandikia mistari minne, nikaambatanisha barua ya meneja. Alipiga simu kesho yake kuuliza jambo lingine kabisa, karatasi ya mshahara wa mume wangu ya mwezi Machi, iliyokosa ukurasa wa pili.