Kisima cha wake wawili

Jumapili, usiku

Jana tulikutana tena, wachoraji wanne wa hadithi za katuni, kwenye baraza ya nyumba ya Maalim, Kikwajuni, Unguja. Tunakutana hivi kila mwisho wa mwezi tangu Mfunguo Mosi, baada ya sala ya alasiri, kila mmoja na kurasa zake mkononi. Sharti letu ni moja tu: ukija mikono mitupu, huna ruhusa ya kusema neno juu ya kazi ya mwenzio. Ndiyo maana usiku wa kuamkia jana sikulala. Nilikuwa natia wino ukurasa wa 19, ule wa kisima, na kulipokucha vidole vyangu vilikuwa vyeusi mpaka kwenye kucha.

Kwa asiyejua ninachokichora: ni hadithi ya Mkama Ndume, mtawala wa Pujini, kule kwetu Pemba. Magofu ya ngome yake ya karne ya 15 yapo hadi leo, hayako mbali na nyumba niliyozaliwa. Jina lenyewe linatisha, mwenye kuwakama wanaume kama wanavyokamwa ng'ombe. Inasimuliwa kwamba aliwabebesha watu mawe kichwani na kuwaamuru waende kwa kujiburuza kwa makalio, mpaka kuta zikasimama. Nimeyachora hayo, sikuweza kuyaacha. Lakini tangu utotoni, katika yote aliyonisimulia bibi, kilichonikaa moyoni ni kisima. Mkama Ndume alikuwa na wake wawili waliooneana wivu hata maji hawakuweza kuteka pamoja. Akajenga ukuta katikati ya kisima. Mmoja anateka kwa ndoo na kamba akiwa juu, mwengine anashuka ngazi mpaka majini. Maji ni yale yale, na hawaonani.

Aliyeanza jana ni mdogo wetu wa Jang'ombe. Huyu hachori kwenye karatasi, anachora kwenye simu kwa kidole, na kila Ijumaa anaweka ukurasa mmoja kwenye WhatsApp yake. Hadithi yake ni ya Mji Mkongwe wa miaka mia ijayo, bahari imepanda, watu wanapita juu ya mapaa kwa majahazi yanayoruka. Mistari yake bado inatetemeka, lakini majahazi yake nayapenda sana, kwa sababu anajua tanga linavyojaa upepo. Baba yake ni nahodha, na hilo linaonekana kwenye kila kamba.

Kabla hajamaliza kutuonesha akaanza na maneno yake ya kila mwezi: "Hii ikija kuwa filamu…" Anayo mifano yake na ni mifano ya kweli. Wale vijana wa kampuni ya Kugali, wa Nigeria na Uganda, walianza na vitabu vya katuni, na mwaka 2024 ukatoka mfululizo wao wa Iwájú, hadithi ya Lagos, kwa kushirikiana na Disney. Roye Okupe wa Nigeria alichapisha kitabu chake cha kwanza mwenyewe mwaka 2015 baada ya kuchangiwa fedha na watu kwenye intaneti, na mwaka 2025 hadithi yake ya Iyanu ikaingia kwenye televisheni. Mdogo wetu ameyahifadhi haya moyoni na tarehe zake. Mwaka 2023 zilipotoka zile filamu fupi kumi za katuni za Kiafrika zikaitwa Kizazi Moto, alinipigia simu usiku kunisomea jina tu. "Kiswahili, dada! Wameita Kiswahili!" Nilifurahi naye. Jina limetoka kwetu, na mimi nataka na hadithi zitoke kwetu.

Kwangu mimi mfano ulio karibu zaidi si wa Lagos. Ni Vuta N'Kuvute. Adam Shafi aliandika riwaya ile na ikachapishwa mwaka 1999. Tuliisoma skuli, kurasa zikiwa zimechanika pembe kwa kupita mikono mingi. Mwaka 2021 Amil Shivji akaifanya filamu, ikaoneshwa kwenye tamasha la filamu la Toronto, filamu ya kwanza ya Tanzania kufika katika tamasha lile. Nilipoiona nililia, na si kwa sababu ya mapenzi ya Yasmin na Denge. Nililia kwa vichochoro. Mwanga wa jioni uliingia kwenye ukuta wa chokaa vile vile ninavyouona kila siku nikitoka kazini Darajani, na nikajua kuwa mtu anaweza kukaa hapa, akaandika kuhusu hapa, na watu wa mbali wakakaa kimya gizani kutazama.

Dada wa Makunduchi alikuwa na kurasa sita. Anachora kilimo cha mwani. Mama yake alianza kulima zamani, mwani ulipokuwa mgeni kwetu. Kilimo cha biashara kilianza mwaka 1989 upande wa Paje na Jambiani, na walioishika kazi hiyo wengi wao ni wanawake. Siku hizi maji ya ufukweni yana joto, ule mwani wenye bei nzuri unaoza kwenye kamba, na wanaotaka kuunusuru lazima waende kwenye kina, ambako wengi hawajui kuogelea. Katika ukurasa wake wa nne mama anasimama maji yakiwa kifuani, hatazami maji, anatazama ufukweni alikotoka. Hakuna neno hata moja. Yeye hataki mfululizo wala kampuni kubwa. Anataka filamu ya dakika kumi ioneshwe ZIFF, ndani ya Ngome Kongwe, kwenye tamasha letu la filamu ambalo limekuwepo tangu mwaka 1998, na mama zake wapelekwe kwa gari kutoka Makunduchi waje wajione ukutani.

Halafu Maalim. Maalim amefundisha kuchora miaka mingi. Alijifunza mwenyewe kwa kunakili picha za gazeti la Sani, na mpaka leo anaweza kumchora Ndumilakuwili kwa mistari mitano bila kunyanyua kalamu. Anachora maisha ya Siti binti Saad, mwimbaji wa taarab. Siti aliyezaliwa Fumba, akaja mjini, akapanda meli kwenda Bombay na kurikodi sauti yake kwenye santuri mwaka 1928. Tatizo la Maalim ni gumu kuliko letu sote. Unaichoraje sauti? Amejaribu miezi mitatu. Jana alileta ukurasa ambapo sauti inatoka kinywani mwa Siti kama upindo wa kanga, mrefu, wenye maneno ndani yake, unapita dirishani, unapinda kwenye kona, unavuka kwenda Ng'ambo, ule upande wa pili wa mji, unaingia kwenye nyumba za udongo, na kila nyumba unapoingia kuna mtu ameinua kichwa.

"Kwenye filamu," alisema Maalim, "hili lingekuwa jepesi. Santuri ingepigwa, basi."

Nikamwambia hapana. Sijui kwa nini nilisema kwa ukali vile, na nimemtaka radhi. Lakini nilipoutazama ukurasa ule niliisikia sauti. Kichwani mwangu niliuimba ule upindo, na niliuimba kwa sauti ya bibi yangu, kwa sababu ndiyo sauti pekee niliyokuwa nayo ya kuutilia. Santuri ingenipa sauti ya Siti, ndiyo. Lakini ya bibi ingekwenda wapi?

Mkewe Maalim akaleta kahawa na visheti, tukatulia kidogo. Kisha ikawa zamu yangu.

Nikautandika ukurasa wa 19 juu ya mkeka. Ukuta unashuka katikati ya ukurasa, kutoka juu mpaka chini, mweupe, haukuchorwa chochote. Kushoto mke mkubwa anashuka ngazi, kisanduku baada ya kisanduku, sita. Kulia mke mdogo anateremsha ndoo, sita vile vile. Chini kabisa ndoo inagusa maji upande mmoja na mguu unagusa maji upande wa pili, na viwimbi vinapita chini ya ukuta, vinakutana.

Walinyamaza. Dada wa Makunduchi aliweka kidole juu ya viwimbi akakiacha hapo.

Mdogo wetu ndiye aliyeuliza: "Dada, sasa hii kwenye filamu itakuwaje?"

Nikaanza kumweleza. Kamera inaanza na mmoja, inamfuata akishuka, halafu inakata, inakwenda kwa mwenzake, inarudi… Na kadiri nilivyoeleza ndivyo nilivyohisi ukurasa unanifia mkononi. Nikimwona mmoja, nimeshamwacha mwengine. Akasema mtu anaweza kukigawa kioo mara mbili. Ni kweli, anaweza. Lakini hata hapo mwongozaji ndiye anayeshika saa, na kisima kitapita kwa sekunde alizoamua yeye. Kwenye karatasi msomaji ndiye anayechagua amtazame nani kwanza. Atamshusha mke mkubwa mpaka chini kisha apande juu tena aanze na mdogo, au atavuka ukuta kila kisanduku, kushoto, kulia, kushoto, kulia, na akifanya hivyo anakuwa yeye ndiye mtu pekee duniani anayewaona wote wawili. Ule ukuta wa Mkama Ndume ni ile nafasi nyeupe baina ya visanduku. Nimechora miaka sita na sikuwahi kuiona nafasi ile kuwa ni kitu.

Usiku niliporudi nyumbani nikazitandaza kurasa zote sakafuni, ya kwanza mpaka ya 18. Zote visanduku vyake ni vipana, virefu kwa kwenda, umbo la kioo cha sinema. Hakuna kimoja kilichosimama wima. Hakuna hata ukurasa mmoja ambao jicho linaweza kurudi nyuma kwa hiari yake. Zote zinasema: nitazame haraka, mtayarishaji, niko tayari. Imeniuma sana.

Najua nilipoyatoa haya. Mwaka jana alinipigia simu mtu mmoja aliyeona kurasa zangu za mwanzo, akasema anafanya kazi na watu wa filamu. Alinishauri nichore "kama kamera inavyoona", na mimi nikaufuata ushauri ule kama nimeambiwa na mzazi. Baadaye akaleta karatasi mbili za mkataba, kwa Kiingereza. Malipo yalikuwa sawa na ninayoyapata kwa miezi miwili pale stesheneri ninapotoa kopi. Nikayachukua yale makaratasi kwa Maalim nikiwa na furaha, nikitaka kuazima kalamu yake nzuri nitie saini.

Akayasoma mara mbili. Akaniuliza kama nimeliona neno "milele". Haki zote za hadithi, za wahusika, za kila aina ya kazi itakayotokana nao, milele, dunia nzima. Ndipo akanieleza habari za Jerry Siegel na Joe Shuster, vijana wawili wa Marekani ambao mwaka 1938 waliuza haki za Superman kwa dola 130. Wakaishi kuona jina lile likijaza majumba ya sinema huku wao wakihangaika kudai.

Akanifundisha na njia nyengine, na nataka kuiandika hapa kwa sababu najua wapo wanaochora vyumbani peke yao, na karatasi kama zile zitawafikia. Mtu akitaka kujaribu kuifanya hadithi yako filamu, si lazima umuuzie. Anaweza kukupa arubuni. Anakulipa kiasi fulani, na kwa muda mlioandikiana, mwaka au mwaka na nusu, humpi mtu mwengine. Katika muda huo anatafuta fedha na mwongozaji. Akifanikiwa, ndipo anakulipa bei kamili mliyokubaliana tangu mwanzo. Asipofanikiwa, muda ukiisha hadithi inarudi kwako na arubuni ni yako. Mkewe Maalim, aliyekuwa akisikiliza mlangoni, akasema hicho ni kishika uchumba, na mahari ndiyo yanakuja baadaye. Sijapata kusikia maelezo mazuri kuliko hayo. Zile karatasi mbili sikuzitia saini. Nilikwenda COSOZA, ofisi ya hakimiliki ya Zanzibar, kuuliza namna ya kusajili kazi yangu, na sasa kurasa zangu zina tarehe na jina langu.

Sitaki mtu asome haya akadhani nimeikataa sinema. Bado naitaka filamu ya Pujini kwa moyo wangu wote, na sababu yake inakaa Pemba. Bibi macho yake hayaoni vizuri tena. Herufi anazozijua ni za Kiarabu, na mistari yangu myembamba anaiona kama moshi. Nataka siku moja akae kwenye kiti, asikie ndoo ikigonga ukuta wa kisima, asikie mawe, asikie maneno aliyonipa yakirudi kwake.

Asubuhi ya leo nilimpigia. Baada ya shikamoo na marahaba na habari za minazi, nikamsimulia ukurasa wa 19 kisanduku kwa kisanduku. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Nani umemshusha ngazi?"

"Mke mkubwa, bibi."

"Sivyo, mjukuu wangu. Mkubwa alikuwa mtu mzima yule, magoti hayampi. Mkubwa hukaa juu na kamba yake. Anayeshuka ni mdogo." Akanyamaza, kisha akasema, "Na mkubwa humsikia. Kila siku humsikia anavyopanda mbio."

Sikuwahi kuambiwa hilo la kusikia. Miaka yote hii hakuwahi kulisema, au alilisema nikiwa nimelala.

Wino haufutiki. Nimeuweka ukurasa wa jana chini ya godoro, nimechukua karatasi mpya, nimeanza na ukuta.