Chakula cha saa kumi

Papa, yaani mzee, wa chumba cha tatu katika nyumba yetu ya wazee alianguka saa kumi na nusu alfajiri, kati ya kitanda na mlango, na mimi ndiye niliyemkuta. Nguo zimelowa jasho kama mtu aliyenyeshewa, mikono inatetemeka, maneno hayaungani. Mwenzangu wa zamu alibaki mlangoni akinong'ona kwamba kuna mtu amemtembelea usiku, na anayeijua Lubumbashi anajua maana ya maneno hayo. Mimi nilidhani ni kiharusi. Muuguzi anayekaa nyumba ya jirani alikuja na kitenge mabegani na kile kimashine cha kupimia sukari, akamchoma kidole: 48. Ikishuka chini ya 70 tayari ni shida. Kumeza alikuwa bado anaweza, basi tukamnywesha maji ya sukari kidogo kidogo, na baada ya robo saa akanitazama vizuri akauliza, "Mutoto wangu, chai iko?"

Muuguzi hakuuliza habari za wachawi. Aliuliza, "Jana alikula saa ngapi?" Saa kumi jioni. Na kidonge chake cha kushusha sukari? Saa mbili usiku, kama siku zote. Hakusema kitu, akawa anafunga kimashine chake polepole kwenye mfuko.

Asubuhi ile nilihesabu kwa vidole. Kutoka saa kumi jioni mpaka chai ya saa mbili asubuhi ni masaa 16. Wazee 22, wengi wamepita miaka sabini, tunawafungisha kila siku ya Mungu, na si Ramadhani wala Kwaresima. Nilikuwa na miaka sita katika nyumba ile, miwili ya mwisho nikiwa msimamizi, na sikuwahi kuhesabu.

Wala hapakuwa na mtu mbaya. Mama wa jikoni anakaa Ruashi. Jioni taksibisi zinagombaniwa, na giza likiingia njia ya kwenda kwake haina usalama. Kwa hiyo anapika mapema, anaosha sufuria, anaondoka. Wa zamu ya usiku naye anapenda akute watu wameshakula, wameshavuliwa, wamelazwa. Kila mmoja ana sababu yake, na ukimsikiliza unampa haki. Ila ukizijumlisha sababu zote unapata nyumba inayokwenda kwa saa ya wafanyakazi, wazee wakipangwa kama bidhaa kabla duka halijafungwa.

Kikao cha kwanza nilikiharibu mwenyewe. Niliwaita watu nikiwa nimeshaamua: kuanzia Jumatatu chakula ni saa kumi na mbili na nusu. Mama wa jikoni alinisikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Kisha miye nirudi Ruashi na miguu?" Watu wakacheka, kikao kikafa. Wiki iliyofuata nilikwenda kukaa naye jikoni, nikamenya vitunguu, na yeye ndiye aliyenionyesha njia. Sombe, majani ya muhogo, inangoja, akasema. Samaki anangoja. Kisichongoja ni bukari, ugali wetu. Basi yeye apike mboga kwa saa zake, aziache zimefunikwa juu ya mbabula, jiko la makaa, yenye moto wa majivu, maji ya bukari yawe tayari pembeni, na watu wa usiku wasonge.

Kusonga bukari ya watu 22 si mchezo. Mmoja anabana sufuria kwa miguu, mwingine anashika mwiko kwa mikono miwili, na jasho linatoka. Wiki ya kwanza nilisonga mwenyewe ili nisiambiwe naagiza kutoka ofisini. Watu wa usiku walikubali kuanza nusu saa mapema kwa sharti moja: nao wapate sahani. Nikaona ni bei ndogo, nikakubali bila kufikiri sana, kumbe ndilo jambo lililotusaidia kuliko yote niliyopanga.

Mtu aliyesimama na kijiko anaona sahani, haoni mtu. Aliyekaa kula pamoja naye anaona anayekohoa kila akinywa, anayelala upande mmoja wa kiti huku anameza, anayeficha samaki mfukoni. Kulikuwa na mama mmoja tuliyekuwa tumeandika kwamba "hapendi samaki". Usiku wa tatu kijana wa zamu, aliyekuwa ubavuni kwake, aliona anautoa mwiba polepole kwa ulimi, anafumba macho, kisha anaiacha nyama yote kando. Meno yake ya bandia ya chini yalikuwa yanamkata fizi. Miezi mingapi? Mwenyewe alisema tangu kabla ya mvua. Hakusema kwa sababu hakuna aliyemuuliza akiwa amekaa.

Tukaongeza kikombe cha uji wa mahindi na karanga saa tatu usiku kwa anayetaka. Dawa za Papa wa chumba cha tatu alizibadili daktari wa kituo cha afya, si mimi, na sasa anameza asubuhi pamoja na chakula. Zile kelele za saa tisa usiku, watu kuita majina ya marehemu, kutembea ukumbini, kugombana na pazia, zilipungua ndani ya wiki mbili. Hazikwisha, kwa sababu wapo ambao ubongo kweli umechoka. Lakini tuliokuwa tukiandika kwamba "amechanganyikiwa", wengine walikuwa na njaa tu.

Halafu kuna saa kumi ile nyingine, ya alfajiri.

Tunaye mzee tunamwita Papa Poste, naye analipenda jina hilo. Alifanya kazi Gécamines, kampuni ya madini ya serikali, pale kwenye tanuru la shaba chini ya ule mnara wa moshi ambao kila mtoto wa Lubumbashi anauchora, na alitoka 2003 kwa ile iliyoitwa "départ volontaire", kuondoka kwa hiari, ambapo wafanyakazi zaidi ya 10,000 walipewa fedha zilizotoka Benki ya Dunia wakaambiwa kwaheri. Sasa, kila alfajiri saa kumi, anaamka, anavaa, anatafuta viatu na kwenda getini. King'ora kimelia, anachelewa poste, zamu yake ya kazi. Tulikuwa tunamfungia mlango kwa nje. Naandika hivi kwa aibu. Aligonga mpaka ngumi zikavimba, na kidonge cha usingizi alichoandikiwa kikamfanya ayumbe mchana kutwa. Tulijaribu pia kumweleza kwa upole: Papa, kazi iliisha zamani. Yaani kila alfajiri tunamfukuza kazi upya, na kila alfajiri anaumia kama mara ya kwanza.

Aliyelimaliza ni kijana yule yule wa usiku, tena kwa uchovu tu. Alimfungulia akamwambia, "Papa, leo poste yako iko hapa. Tuwashie moto." Mzee akaitazama mbabula uani, akakunja mikono ya shati. Makala, yaani makaa, makubwa chini, madogo juu, vijiti vikavu katikati, petroli hataki hata kuisikia. Akachukua kifuniko cha sufuria akawa anapepea kwenye tundu la chini, taratibu, bila kubadili mwendo, kichwa kikiwa upande mmoja kama anayesikiliza. Kijana alitaka kutenga maji mapema. Akamzuia kwa kiganja. Alingoja mpaka makala yakavaa majivu meupe, ndipo akasema, "Sasa."

Tangu siku hiyo moto wa asubuhi ni wa kwake. Mtu anakaa karibu, ndoo ya mchanga ipo, na moto unakaa uani daima. Kikombe cha kwanza cha chai ni chake, na kwa kuwa moto upo, anayeamka mapema hangoji tena saa mbili. Sista mmoja aliyesomea mambo ya wazee aliponiona nikishangaa alinisimulia kwamba Marekani, mwaka 1976, wanasaikolojia Ellen Langer na Judith Rodin waliwapa wazee wa ghorofa moja ya nyumba ya wazee maua ya kutunza wenyewe na mambo madogo ya kujiamulia, wenzao wa ghorofa nyingine maua yao yakatunzwa na wauguzi. Wale wa kwanza wakawa wachangamfu zaidi. Sisi maua hatuna, tuna makala. Mwanawe Papa Poste alipokuja kutembea alikasirika: baba yangu mnamfanya boyi? Kabla sijajibu mzee mwenyewe aligeuka: "Weye ulisha kufanya poste ya usiku?" Mwana akanyamaza.

Juni na Julai, baridi ya huku inaposhuka chini ya digrii 10 usiku, wazee wanaomba mbabula iingie chumbani. Hapo sijadiliani na mtu. Hewa ya makala haina harufu wala rangi, na inaua waliolala. Tunatoa chupa za maji ya moto zilizofungwa kitambaa, tumezijaribu kwanza kwenye mkono wetu, maana ngozi ya mzee ni nyembamba na wenye sukari wengine hawasikii kitu miguuni.

Sasa niseme la kidonda, ingawa ningependa kuliruka.

Mama mmoja wa Kenya, ile komini yetu ya mjini, si nchi, hasemi wala hajigeuzi tangu alipopata kiharusi. Daftari lipo, lenye mistari: ageuzwe kila baada ya masaa mawili, anayemgeuza atie sahihi. Asubuhi moja nikimwogesha nilikuta kidonda juu kidogo ya makalio, upana wa kifuniko cha chupa, katikati peusi. Nikaenda moja kwa moja kwenye daftari. Sahihi zote za usiku zilikuwa za kalamu moja, mwandiko mmoja, zimeinama upande mmoja kama nyasi. Na ya saa mbili asubuhi ilikuwa imeshawekwa wakati saa mbili haijafika. Nilifungua mdomo nimwite wa zamu, kisha nikapindua ukurasa. Wiki iliyotangulia, siku niliyomshikia mtu zamu, sahihi zilikuwa zangu, na nazo zimeinama.

Sikumwita mtu. Tulilitupa daftari tukafunga karatasi na kalamu kwenye kitanda chenyewe. Hapatiwi sahihi tena. Panaandikwa anatazama wapi: dirisha, ukuta, dari. Basi. Karatasi ikisema dirisha na mama anatazama ukuta, yeyote anayepita ameona, hata anayefagia, hata mgeni. Tulijifunza pia kutoangalia wekundu tu. Vitabu vya mafunzo vilivyotoka Ulaya vinasema tafuta ngozi nyekundu, lakini kwenye ngozi yetu nyeusi wekundu huo unaweza usionekane mpaka umechelewa. Weka mgongo wa mkono: pana joto kuliko pembeni? Pamekuwa pagumu, au palaini kupita kawaida? Hapo ndipo. Kidonda kilichukua miezi minne kufunga, kwa kumgeuza kweli, kumsafisha, mayai na maharage yaliyopondwa. Magodoro mazuri tuliyaomba ofisi moja, nikawakumbusha Katiba ya Kongo ya 2006, ibara ya 49, inayowapa wazee haki ya hatua maalumu za ulinzi. Karani alikubali kabisa kwamba imeandikwa.

Maji nayo yalikuwa vita. Mzee hasikii kiu kama kijana, hilo linajulikana, lakini wetu walikuwa na sababu ya pili: hawanywi ili wasiombe kupelekwa chooni. Mama mmoja aliyeletwa kwetu baada ya ndugu zake kumwita mlozi alikuwa hanywi chochote kuanzia adhuhuri. Alikuwa amefundishwa kutosumbua mtu, tena alifundishwa vibaya. Tuliweka ndoo yenye kifuniko karibu na kila kitanda na taa ndogo ya sola ukumbini. Wanaoanguka wakienda chooni gizani wakapungua. Na badala ya kuwasukumia maji tukaanza kuleta munkoyo, kinywaji chetu cha mahindi, saa nne asubuhi, mwepesi, kabla haujachachuka. Jagi linarudi tupu. Yule mama sasa ndiye anayelalamika ukicheleweshwa, na ananiita kwa jina langu, si "bwana mkubwa". Kwa upande wetu nasi tuliacha kumwita kambo, yaani bibi. Alisema hana mjukuu humu ndani. Yeye ni Mama fulani, jina la mtoto wake wa kwanza, tumwite hilo.

Jumapili bado hatujaiweza. Siku hiyo zamu ya usiku ni ya mtu mmoja, na bukari ya watu 22 haisongwi na mtu mmoja, kwa hiyo chakula kinarudi nyuma hadi saa kumi na moja. Papa wa chumba cha tatu anajua. Jumapili mchana anakata mkate wake nusu, anaufunga kwenye leso, anautia mfuko wa shati, na nikipita anaugusa kwa vidole viwili ili nione.