Ndoo za maji na mtoto wa miezi 9: jinsi nilivyotatua

Binti yangu alipoanza kutambaa, nyumba yetu ya vyumba viwili ikawa mali yake. Punje za wali, mende aliyekufa, sarafu ya shilingi 50, vyote mdomoni. Hayo niliyamudu kwa kufagia mara tatu kwa siku. Kilichonitoa jasho ni ndoo.

Mtaani kwetu maji ni ya mgawo, kwa hiyo tunajaza ndoo za lita 20 na kuzipanga koridoni. Siku moja nikamkuta ameshika ukingo wa ndoo, amesimama, anachungulia sura yake majini. Nilihisi miguu imeniishia nguvu. Mtoto wa umri ule kichwa ndicho kizito. Akitumbukia hawezi kujinasua, na maji ya sentimita chache tu yanatosha kumzamisha.

Nilianza kwa kufunika na sinia. Akaligeuza ngoma, kisha akalisukuma. Nikaweka jiwe juu yake, halafu nikajiona mjinga: lingemwangukia.

Mwishowe nilinunua pipa lenye mfuniko wa kuzungusha, nikaliweka bafuni, na fundi akapigilia komeo nje ya mlango, juu kabisa. Ndoo tupu nazigeuza kifudifudi.

Mama mkwe alicheka: “Mwanangu, si ungembeba mgongoni tu?” Nimejaribu, mama, ila kufua naye mgongoni kunanishinda.

Sasa ana kikapu chake jikoni: sufuria kuukuu, mwiko, kopo tupu. Jirani ndiye anayelalamikia kelele.